Rozmari Inayotambaa: Mwongozo Kamili wa Kuipanda Mpaka Ifunike Ardhi

Malalamiko kuhusu rozmari inayotambaa, mmea wa majani yenye harufu yanayotumika jikoni, hufanana mno. Miche ilinunuliwa ikiwa na afya, ikapandwa kwa samadi ya kutosha, ikamwagiliwa kila jioni, kisha baada ya miezi michache ikaanza kukauka mmoja baada ya mwingine. Mwenye bustani akadhani ni kiu, akaongeza maji. Hata iliyokuwa imebaki salama ikafuata.

Mmea huu huuawa na maji mara nyingi kuliko unavyouawa na kiu. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe ambako kiangazi chote hupita bila mvua ya maana. Mizizi yake inataka hewa kwanza, maji baadaye. Ndiyo sababu nusu nzima ya mwongozo huu inahusu ardhi, kabla hata mche haujatolewa kwenye kiriba, yaani mfuko wake wa kuoteshea. Tafadhali usiiruke nusu hiyo, kwa kuwa humo ndimo wengi wanamopotezea miche yao.

## Vifaa unavyohitaji

- Miche ya rozmari ya aina inayotambaa (idadi utaihesabu katika hatua ya 6)
- Jembe uma na sepetu
- Rula ndefu, au kijiti ulichokitia alama za sentimita
- Kamba na vigingi vya kupangia nafasi
- Changarawe ya punje za sentimita 1 hadi 2. Kwa mita 10 za mraba, ukiitandaza unene wa sentimita 4, utahitaji karibu mita za ujazo 0.4
- Mchanga mnene au kokoto ndogo, kama udongo wako ni mzito
- Mkasi wa kupogolea, wenye makali, na spiriti ya kuusafishia
- Keni, au bomba la mpira linaloweza kutoa maji polepole
- Waya mgumu wa kukunja vishikizo
- Karatasi angavu ya plastiki, kama eneo lina magugu mengi

Usinunue mbolea, na samadi iweke kando kwa ajili ya mboga. Kitambaa cheusi cha kuzuia magugu nacho kiache dukani. Sababu nitaieleza tukifika hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Chagua mahali penye jua

Rozmari inataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 kwa siku, na 8 ni bora zaidi. Tembelea eneo lako asubuhi, adhuhuri na alasiri ya siku moja, uchomeke kijiti kila mahali kivuli kinapoishia. Sehemu iliyobaki nje ya vijiti mara zote tatu ndiyo yako.

Kwenye kivuli mmea hauchelewi kujionyesha. Matawi hurefuka yakitafuta mwanga, majani huachana, na zulia ulilolitarajia hugeuka nyuzi chache zenye udongo mtupu katikati yake. Majani yanayochelewa kukauka hualika ukungu pia.

Mahali pazuri kuliko pote ni mteremko, kwa kuwa maji hayatuami hapo, na matawi yanayogusa udongo huota mizizi na kusaidia kuushika. Juu ya ukuta wa kuzuia udongo napo panafaa sana. Matawi yataning'inia ukutani na kuufunika.

Epuka bondeni, chini ya michirizi ya paa, na pembeni mwa nyasi zinazomwagiliwa kila siku. Hilo la nyasi huwaponza wengi. Nyasi zina ratiba yake ya maji na rozmari ina yake, na zikichangia bomba moja ni rozmari itakayokufa.

Jambo jingine la kukubali mapema: rozmari haikanyagwi. Matawi yake ni ya mti na huvunjika chini ya mguu. Kama watu hupita hapo, weka mawe ya kukanyagia sasa hivi, kabla ya kupanda.

## Hatua ya 2: Pima jinsi ardhi inavyonywa maji

Kipimo hiki hakigharimu chochote. Kifanye siku ambayo mvua haijanyesha karibuni.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana huohuo. Lijaze maji, uyaache yanywe yote. Maji haya ya kwanza ni ya kuloanisha kuta za shimo tu, usiyapime. Lijaze tena, simamisha rula ndani, uangalie yameshuka kiasi gani baada ya saa moja.

Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, endelea. Yakishuka chini ya hapo, ardhi yako haifai kupandwa ilivyo na utahitaji kuinua tuta. Ukikuta maji bado yamo kesho yake, tuta linakuwa la lazima kabisa, au utafute mahali pengine.

Kama eneo ni kubwa, chimba mashimo mawili au matatu. Ardhi ya bustani moja inaweza kunywa maji vizuri upande huu na kuyagomea upande ule, hasa mahali palipowahi kujengwa au kupitiwa na magari.

## Hatua ya 3: Maliza magugu kabla, si baada

Ukishapanda, rozmari itachukua mwaka mmoja hadi miwili kufunga nafasi iliyo kati ya mche na mche. Kipindi hicho chote udongo uko wazi kwa magugu. Na ikishafunga, huwezi kuingiza jembe tena. Gugu lililobaki chini litachomoza katikati ya matawi, na ukilivuta utang'oa na mizizi michanga ya rozmari.

Magugu ya mbegu ni rahisi. Lima juujuu, sawazisha, mwagilia kidogo, usubiri wiki mbili. Yatakapoota, yaparue kwa ncha ya jembe bila kugeuza udongo wa chini, kwa sababu ukiugeuza unazileta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala. Rudia mara moja au mbili.

Kwenye msimu wa jua kali unaweza kufunika ardhi iliyolowa kwa karatasi angavu ya plastiki, kingo zake ukizifukia, kwa wiki 4 hadi 6. Joto linalokusanyika chini yake huua mbegu nyingi za sehemu ya juu ya udongo.

Ndago na sangari ni habari nyingine. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi, kila kimoja kikiwa tayari kuchipua. Sangari ina mashina yanayotambaa chini, na kipande kifupi kikibaki kinatosha kuanzisha shamba jipya. Tumia jembe uma, maana la kawaida huvikata vipande na kuviongeza. Inua udongo, vuta mizizi yote kwa mkono, uisambaze juani mbali na bustani, urudie kila machipukizi mapya yanapotokea. Kazi hii inaweza kukula miezi. Nakusihi uimalize; kupanda zulia juu ya ndago ni kuinyang'anya bustani yako nafasi ya kupona.

*Utajua umefanikiwa:* umemwagilia, umesubiri wiki tatu, na hakuna kilichoota isipokuwa vimche vichache vya mbegu vinavyong'oka kwa vidole viwili.

## Hatua ya 4: Tengeneza udongo, au inua tuta

Kichanga na udongo wenye mawe hauhitaji mengi. Ulegeze kwa jembe uma hadi kina cha sentimita 30, basi.

Tifutifu nao ulegeze vivyo hivyo, uchanganye na kokoto ndogo kama kipimo chako cha maji kilikuwa karibu na mpaka ule wa sentimita 2.5.

Udongo wa mfinyanzi ndipo penye shida, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Wengi huchimba shimo kwenye mfinyanzi, hulijaza mboji laini, na kupanda. Kinachotokea ni kwamba shimo linakuwa karai. Maji ya mvua hupita upesi kwenye mboji, hufika kwenye kuta za mfinyanzi, hukosa pa kwenda, na mizizi hubaki imeogelea humo kwa siku kadhaa.

Dawa mbili zinazopendekezwa sana hazisaidii. Ya kwanza ni kutia kokoto chini ya shimo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hungoja mpaka udongo wa juu ujae kabisa, na hapo ndipo penye mizizi. Ya pili ni kuchanganya mchanga kidogo kwenye mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi hujaza nafasi kati ya punje za mchanga na mchanganyiko hukauka ukiwa mgumu kuliko ulivyokuwa.

Kinachofanya kazi ni kwenda juu. Kwanza legeza mfinyanzi wa asili kwa jembe uma ili pasiwe na mpaka mkali kati yake na udongo mpya. Juu yake inua tuta la sentimita 20 hadi 30 kwa mchanganyiko wa udongo wa bustani na mchanga mnene au kokoto ndogo. Mgongo wa tuta uufanye wa mviringo, usiwe bapa, ili mvua iteremke pembeni. Kama utaongeza mboji, iwe kidogo na iwe imeoza sawasawa.

Kuhusu samadi na mbolea za kukuzia majani: rozmari iliyoshibishwa naitrojeni hutoa matawi marefu na laini, yenye harufu hafifu, yanayolala na kuoza au kushambuliwa na wadudu mafuta. Udongo maskini kiasi ndio unaoifanya ibaki fupi na kushikamana, na wewe unataka zulia.

Uchachu wa udongo usikusumbue sana. Kati ya pH 6 na 7.5 rozmari hustawi. Kama udongo umepimwa ukaonekana una tindikali kali, tia chokaa ya kilimo kwa kiasi kilichoelekezwa na kipimo hicho, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

## Hatua ya 5: Pata miche iliyo sahihi

Kuna rozmari zinazosimama na kuna zinazotambaa, na zikiwa ndogo ndani ya kiriba hufanana kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Ukipanda inayosimama, hakuna mkasi utakaoigeuza zulia.

Soma lebo. Jina la kisayansi linaweza kuandikwa *Rosmarinus officinalis*, la zamani, au *Salvia rosmarinus*, linalotumika tangu 2017. Mmea ni uleule. Unalolitafuta ni jina la aina. 'Prostratus' ndiyo inayopatikana zaidi. 'Huntington Carpet' nadhani ndiyo bora kwa kufunika ardhi, kwa kuwa hubaki chini hata katikati yake. 'Irene' hushuka vizuri ukutani. Ukiona 'Tuscan Blue' au 'Arp', hizo ni za kusimama, ziache.

Kama hakuna lebo, tazama matawi ya pembeni. Ya inayotambaa hupinda, hutoka nje ya kingo za kiriba na kuelekea chini. Ya inayosimama hunyooka juu hata yakiwa machanga. Halafu mwombe muuzaji akuruhusu uuteleze mche nje ya kiriba. Mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa ni mizima. Ikiwa ya kahawia na yenye harufu ya kuoza, rudisha mche na uondoke.

Mbegu sikushauri. Huota kwa kusuasua, wiki nyingi, na miche yake haifuati tabia ya mama. Zulia linataka miche inayofanana.

### Ukitaka kuzalisha miche mwenyewe

Ukiwa na mmea mmoja mzuri wa kutambaa, unaweza kupata miche yote unayoihitaji.

Asubuhi, chagua ncha za matawi ambazo hazina maua, zilizoanza kukomaa: ukilipinda tawi linakunjika kwa ukaidi kidogo bila kuvunjika. Kata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, mkato uwe chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea, kwa sababu hapo ndipo mizizi huchipuka kwa wepesi. Ng'oa majani ya nusu ya chini. Jani likifukiwa huoza na kuoza huko hupanda kwenye kipandikizi.

Chomeka sentimita 4 au 5 kwenye mchanganyiko wa mchanga mnene na nyuzi za nazi, nusu kwa nusu. Toboa tundu kwa kijiti kwanza ili usichubue gamba. Weka mahali penye mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Udongo uwe na unyevunyevu. Ukiukamua kiganjani usitoe tone.

Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. *Utajua umefanikiwa* ncha itakapotoa majani mapya, na ukikivuta kipandikizi kwa upole kinakataa kutoka. Kihamishie kwenye kiriba, na usikipeleke bustanini mpaka mizizi iwe imeushika udongo wote wa kiriba usiporomoke ukiutoa. Tarajia baadhi kufa, kwa hiyo chomeka zaidi ya unavyohitaji.

## Hatua ya 6: Panga nafasi

Mche mmoja ukikomaa unaweza kutambaa hadi upana wa zaidi ya mita moja, kimo chake kikiwa sentimita 30 hadi 60. Acha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche.

Hesabu ni rahisi: zidisha nafasi kwa nafasi, kisha gawa eneo lako kwa jibu hilo. Kwa mita 10 za mraba na nafasi ya sentimita 75, ni 10 kugawa kwa 0.56, yaani miche 18. Kwa sentimita 60 utahitaji 28. Kwa sentimita 90, 12 inatosha, ila utapalilia kwa muda mrefu zaidi.

Usiibananishe miche chini ya sentimita 60 kwa haraka ya kuona kijani. Miche itafunga mwaka wa kwanza, kisha itapandiana, hewa itakoma kupita chini yake, na matawi ya ndani yatakufa. Kwenye kingo za njia rudi nyuma angalau sentimita 60, la sivyo utakuwa unakata matawi kila mwezi.

Panga miche kwa safu zinazopishana, mche wa safu ya pili ukikaa mkabala na pengo la safu ya kwanza. Kwenye mteremko mpango huu huyavunja kasi maji yanayoteremka.

## Hatua ya 7: Panda

Wakati mzuri ni ule ambao udongo una joto na mvua si ya kumiminika. Penye masika na kiangazi, subiri mvua kubwa zianze kupungua. Penye majira ya barafu, panda barafu ya mwisho ikishapita. Aina nyingi zinazotambaa huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Kwa hiyo penye baridi kuliko hapo itakubidi uioteshe kwenye vyungu na kuiingiza ndani.

1. Mwagilia mche ukiwa bado kwenye kiriba, saa moja kabla.
2. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, na kina pungufu kidogo ya kimo cha udongo wake.
3. Toa mche. Mizizi ikiwa imejizungusha kwenye kuta za kiriba, ilegeze kwa vidole au ichane wima mahali pawili au patatu. Ukiiacha itaendelea kuzunguka hapohapo kwa miaka na mmea hautatambaa.
4. Simamisha mche, shingo yake ikiwa juu ya usawa wa ardhi kwa sentimita 1 au 2. Shingo ni pale shina linapokutana na mizizi. Shingo ikifukiwa huoza, na huwezi kuona mpaka imechelewa.
5. Rudisha udongo uleule uliochimba. Ushindilie kwa vidole tu, usitumie kisigino.
6. Mwagilia polepole mpaka maji yazame hadi chini ya mizizi. Ardhi ikididimia, ongeza udongo pembeni, usiguse shingo.

## Hatua ya 8: Tandaza changarawe

Tandaza changarawe unene wa sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo wote ulio wazi. Changarawe inazuia mbegu za magugu, inazuia matone ya mvua yasirushe matope kwenye majani, na inaiacha sehemu ya chini ya mmea ikiwa kavu. Karibu na shingo punguza unene uwe wa punje moja moja.

Nyasi kavu, majani na maganda ya mbao ni matandazo mazuri kwa nyanya na mahindi. Kwa rozmari hushika unyevu mahali usipotakiwa.

Na kitambaa cheusi? Mimi nakikataa kwa sababu mbili. Rozmari hufunika ardhi kwa kuotesha mizizi kwenye matawi yanayoigusa, na kitambaa kinaizuia isiuguse udongo. Pili, vumbi na majani huoza juu yake, magugu huota humo, mizizi yake hujisuka kwenye nyuzi, na kulitoa gugu moja ni kukipasua chote.

## Hatua ya 9: Maji ya mwaka wa kwanza

Wiki mbili za mwanzo zina mtego wake. Mizizi bado imo ndani ya donge la udongo wa kiriba, na donge hilo hukauka upesi kuliko ardhi inayolizunguka. Ardhi inaweza kuwa na unyevu na mche ukawa na kiu. Kwa hiyo elekeza maji kwenye donge lenyewe, na kila siku ya pili au ya tatu ingiza kidole humo. Sentimita 5 zikiwa kavu, mwagilia.

Kuanzia wiki ya tatu, anza kuachisha. Mwagilia kwa wingi, kisha uache mpaka sentimita 5 za juu zikauke kabisa. Kwenye hali ya kiangazi hii huwa karibu mara moja kwa wiki. Mvua ikinyesha, acha. Maji mengi kwa nadra huivuta mizizi chini. Maji kidogo kila siku huilaza juu, na mizizi iliyolala juu ndiyo inayokufa ukisafiri.

Mwagilia ardhini, asubuhi, bila kulowesha majani. Mwaka wa pili na kuendelea, mmea ulioshika utegemee mvua. Katika ukame mrefu mara moja kila wiki mbili inatosha.

*Utajua umefanikiwa:* baada ya wiki 6 hadi 8 ncha mpya za kijani kibichi zinatoka, na ukiusukuma mche pembeni hautikisiki kwenye shimo lake.

## Hatua ya 10: Pogoa mapema, na usikate mti mtupu

Ncha mpya zikishatokea, bana kila moja kwa kucha, sentimita 2 au 3 tu. Inauma kukata mmea mdogo uliouhangaikia, lakini pale ulipobana yatatoka matawi mawili, na mawili hayo ndiyo unene wa zulia.

Tangu mwaka wa pili, pogoa mara moja kwa mwaka maua yakishakwisha. Maua yake ya samawati hupendwa na nyuki, waache wamalize kazi yao kwanza. Usipunguze zaidi ya theluthi moja. Tawi linalosimama wima likate kwenye shina lake, kwa sababu ukilikata nusu litatoa mengine ya kusimama.

Sasa onyo lenye uzito. Inua tawi la rozmari iliyokomaa ulitazame. Mbele lina majani ya kijani, nyuma lina gamba la kijivu lisilo na jani. Sehemu ile ya kijivu, kwa kawaida, haichipui tena. Ukikata humo umeacha kisiki. Kila mkato uwe mahali ambapo majani yanabaki nyuma yake.

Usipogoe karibu na majira ya barafu, machipukizi laini yataungua. Na uufute mkasi kwa spiriti unapohama kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima.

## Hatua ya 11: Ziba mapengo kwa matawi yenyewe

Pengo likibaki, usinunue mche mwingine. Chagua tawi refu linaloweza kulifikia. Sogeza changarawe, kwaruza gamba la upande wa chini wa tawi kwa urefu wa ukucha, lilaze kwenye udongo, ulibane kwa kishikizo cha waya, ufukie hapo kwa sentimita 2 au 3 za udongo. Ncha ibaki nje yenye majani.

Weka unyevu kidogo kwa miezi miwili au mitatu. Vuta taratibu, likikataa, limeota mizizi. Unaweza kuliacha liendelee hapo, au kulikata kutoka kwa mama na kulihamisha.

## Mambo yakienda vibaya

Ncha za kahawia. Kiu na kuoza huanza kwa dalili hii moja, na tiba zake zinapingana, kwa hiyo chimba kwa kidole kabla ya kuamua. Udongo ukiwa kavu hadi sentimita 10, ni kiu, mwagilia. Ukiwa na unyevu, fukua mizizi miwili mitatu ya pembeni na uvute mmoja kati ya vidole. Mzizi mzima haukubali. Ulioozeshwa na ukungu huvua ngozi yake, ukabaki uzi mwembamba mkononi. Hapo acha maji kabisa, sogeza matandazo mbali na shina, na uchimbe mfereji wa kuyatoa maji. Ukioza shingo hauponi. Ng'oa, uuchukue na udongo wake, na usipande mwingine hapo mpaka umerekebisha njia ya maji.

Unga mweupe kwenye majani. Ni ubwiriunga, ugonjwa wa hewa iliyotuama. Punguza matawi ya ndani yaliyobanana, uache kulowesha majani.

Povu kama mate kwenye vifundo. Ndani yake mna mdudu mchanga anayefyonza utomvu. Maji ya nguvu ya bomba, asubuhi ya jua, yanamwondoa.

Majani yenye madoa madogo yaliyofifia na utando mwembamba. Utitiri, hasa kwenye joto na vumbi. Osha kwa maji sehemu ya chini ya majani, mara kadhaa kwa wiki mbili. Kama unachuma majani kwa ajili ya jikoni, usinyunyizie dawa ambayo lebo yake hairuhusu kwenye mazao ya kuliwa.

Katikati pamekuwa patupu. Hili huja na umri, hasa pale upogoaji uliporukwa miaka mingi. Kukata shina kuu hakutarudisha majani. Chukua matawi ya pembeni yenye kijani, yalaze kuelekea katikati kama ilivyoelezwa katika hatua ya 11, na yakishaota mizizi uondoe shina kuukuu kwa msumeno mdogo. Fanya mmea mmoja au miwili kwa mwaka ili bustani isibaki wazi yote kwa pamoja.